Uzi: Kupoteza pambano hakumharibu mwanamieleka. Kinachomharibu ni kupoteza bure (kwa wapenzi wa kampuni za mieleka za WWE, AEW na New Japan)

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Wapenzi wa mieleka ya kulipwa humu jukwaani mpo wengi, ila mada zetu zote zinazunguka kwa Roman, Cena, Brock na Undertaker. Leo naomba tuwazungumzie watu wa kati. Siwasemei wanaofunga onyesho, wala wale wanaoletwa wapigwe dakika mbili tuwasahau. Nawasemea wanaopanda ulingoni saa ya kwanza na ya pili ya kipindi, wiki baada ya wiki, miaka kumi mfululizo. Hao ndio wanaobeba kipindi, na ndio wanaotumiwa vibaya kuliko wote.

Kwa watakaokuja na "mieleka ni maigizo, kila kitu kimepangwa": tunajua, na ndiyo sababu tunalalamika. Kwenye ngumi bondia akipigwa ni kwamba kazidiwa. Kwenye mieleka mtu akipoteza, kuna watu walikaa ofisini wakaamua apoteze. Kila kipigo kina aliyekiandika, na shabiki ana haki ya kumuuliza alikuwa anataka kipigo hicho kizae nini.

Msimamo wangu nauweka mapema. Mtu wa kati haharibiwi na kupoteza. Anaharibiwa pale anapopoteza na wiki inayofuata hakuna anayelitaja, au anaposhinda na ushindi wenyewe haumfikishi popote.

Naanza na Kofi Kingston, maana ni mzaliwa wa Ghana na wengi wetu tulimshangilia kama mtu wa kwetu. Aliingia kwenye runinga ya WWE Januari 2008, wakamtangaza kuwa ni Mjamaika. Juni mwaka huohuo akamshinda Chris Jericho akachukua mkanda wa Intercontinental, ule mkanda wa kati wa WWE. Mtu ana nusu mwaka tu kazini! Novemba 2009, ndani ya Madison Square Garden, New York, akamlaza Randy Orton juu ya meza kule kwenye viti vya watazamaji, akaruka kutoka juu akaivunja ile meza naye Orton akiwa juu yake. Kitafute kipande hicho ukiangalie, usikilize ukumbi. Watazamaji wa New York ni wagumu, na usiku ule walimkubali kama nyota kamili.

Halafu Januari 2010, kwenye pambano la Raw, kipindi cha WWE cha kila Jumatatu, kulitokea makosa dakika za mwisho, na Orton akaonekana kabisa kwenye kamera akimfokea ulingoni. Mashabiki wengi mpaka leo wanaamini safari yake ya juu ilikatishwa pale. Iwe hiyo ndiyo sababu au siyo, ukweli ni kwamba ugomvi na Orton uliisha na Kofi akarudi katikati, akakaa huko miaka tisa. Akabeba mikanda ya kati kwa zamu, akaunda New Day na Big E na Xavier Woods, wakashika mikanda ya timu za wawili siku 483 mfululizo. Alipendwa sana, lakini hakuna aliyemfikiria kwa mkanda mkuu.

Alichopata 2019 kilitokana na bahati mbaya ya mwenzake. Mustafa Ali aliumia, nafasi ikabaki wazi, Kofi akaingizwa. Tarehe 12 Februari, kwenye SmackDown, kipindi kingine cha WWE cha kila wiki, akapambana zaidi ya saa nzima bila kutoka ulingoni: akamlaza Daniel Bryan aliyekuwa bingwa, akamlaza Jeff Hardy, akamlaza Samoa Joe, mwisho AJ Styles akammaliza. Nisomeni vizuri hapo. Usiku uliomfanya Kofi kuwa mkubwa ni usiku ambao ALIPOTEZA. Lakini alipoteza akiwa kaacha jasho lote pale, watangazaji wakilisema, wiki iliyofuata wakilisema tena, na mashabiki wakaanza kudai apewe nafasi. Tarehe 7 Aprili, WrestleMania 35, onyesho kubwa la mwaka la WWE, akamshinda Bryan. Bryan alikuwa ameutupa ule mkanda wa ngozi wa ubingwa na kutengeneza mkanda wake wa mbao na katani. Big E na Woods wakamletea Kofi mkanda halisi, wanawe wakapanda ulingoni. Bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika, baada ya miaka 11.

Tukaja 4 Oktoba 2019, siku SmackDown ilipohamia televisheni ya Fox. Brock Lesnar akammaliza kwa sekunde zisizofika kumi. Wengi mlikasirikia zile sekunde. Mimi nilikasirikia kilichofuata. Kabla Brock hajashuka ulingoni, Cain Velasquez, bingwa wa zamani wa UFC, akatokea na Rey Mysterio, na hadithi ikahamia huko. Kofi hakupewa pambano la marudiano, wala wiki chache za kuonyesha mtu aliyeumizwa na anayetaka chake. Akarudi kwenye timu ya wawili kana kwamba ile miezi sita haikuwahi kuwepo. Kipigo cha sekunde chache wangeweza kukijengea hadithi ya mwaka mzima, na hawakutaka.

Naomba kuwasilisha kwanza hilo. Nitaendelea.

#2 Mchangiaji

Mkuu umeandika vizuri, ila nafasi za juu ni chache. Mkanda mkuu ni mmoja au miwili, na watu kwenye mikataba ni zaidi ya mia. Lazima wawepo wa kupoteza. Wote wakiwa mastaa, nani atakuwa wa kawaida?

#3 Mleta mada

Mkuu, tuko pamoja kabisa, na ndiyo maana nimesema sina ugomvi na kupoteza.

Chukua Tomohiro Ishii wa New Japan. Mfupi, mnene, hana mwili wa gazeti. Mkanda mkuu wa IWGP hajawahi kuushika. Ukihesabu mapambano yake makubwa aliyopoteza utachoka. Lakini G1 Climax ya 2013, yale mashindano ya New Japan ya kila mwaka, kwenye ukumbi wa Korakuen, Tokyo, walimpa ushindi dhidi ya Hiroshi Tanahashi, mtu aliyekuwa uso wa kampuni. Siku mbili baadaye Osaka, yeye na Katsuyori Shibata wakapigana vile viwiko na makofi ya kifuani bila hata mmoja kukwepa, uwanja ukageuka. Tangu hapo, Ishii akisimama mbele ya mtu yeyote, mtazamaji anajua mambo mawili: huyu anaweza kushinda, na asiposhinda, aliyemshinda atatoka anachechemea. Mwaka 2016 akamlaza Kazuchika Okada kwenye G1. Kwa hiyo nyota wa juu kama Okada au Kenny Omega akimshinda Ishii, amepata kitu. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa kati, kumpa mwenzake ushindi wenye thamani. Na hawezi kuutoa kama yeye mwenyewe hana.

WWE nao walikuwa wanajua. WrestleMania 13, Machi 1997, Steve Austin na Bret Hart. Halikuwa pambano kuu la usiku ule. Austin alipoteza. Alibanwa miguu kwa Sharpshooter, damu inamchuruzika usoni mpaka kwenye meno, anajaribu kujinyanyua kwa mikono, anakaribia, anashindwa, mpaka akazimia bila kusema nimekubali. Akaingia pale akiwa adui, akatoka akiwa steringi. Huyu huyu, Septemba 1994 akiwa WCW, kampuni pinzani, alipigwa na Jim Duggan chini ya dakika moja akapoteza mkanda wa Marekani, na mwaka uliofuata WCW wakamwacha akiwa majeruhi. Mtu yuleyule, vipigo viwili: kimoja kilimfukia, kingine kikamfanya nyota mkubwa kuliko wote wa kizazi kile. Tofauti ni aliyeandika.

#4 Mchangiaji

Mleta mada usisahau hata 1996 Austin alipata nafasi kwa mlango wa nyuma. Taji la mashindano ya King of the Ring ya mwaka ule lilikuwa limepangwa kwa Triple H. Akaponzwa na ile ya Madison Square Garden, Mei, alipokumbatiana ulingoni na Kevin Nash, Scott Hall na Shawn Michaels wakati wanaagana, steringi na adui pamoja mbele ya watu. Akaadhibiwa, taji akapewa Austin. Bila adhabu ile sijui kama tungemjua.

#5 Mleta mada

Asante mkuu, hiyo ni nyongeza nzito. Na iunganishe na ya Kofi na Mustafa Ali: wote wawili mlango ulifunguka kwa sababu aliyepangiwa hakuwepo. Kwa hiyo vipaji vilikuwepo muda wote, waliokosekana ni watu wa kuviona.

Sasa nije kwa Damien Sandow, maana huyu ndiye mfano ambao mimi ukinigusa usiku naamka kuueleza.

Julai 2013 alishinda mkoba wa Money in the Bank kwa kumsaliti rafiki yake Cody Rhodes. Mkoba ule una maana ya nafasi ya kudai ubingwa muda wowote. 28 Oktoba akautumia kwa John Cena, ambaye alikuwa ametoka kwenye majeraha na kuchukua mkanda usiku uliotangulia. Sandow akamvizia, akaushambulia ule mkono mbovu, kisha akadai pambano lake. Cena, kwa mkono mmoja, akamshinda. Sawa. Lakini baada ya pale hakuna kilichofuata. Sandow akaanza kuvalishwa mavazi ya kuigiza watu, wiki hii Magneto, wiki ile Abraham Lincoln, anapanda, anaongea kidogo, anapigwa.

Agosti 2014 wakampa kazi ya kuwa kivuli cha The Miz, aliyekuwa anajifanya nyota wa Hollywood na anahitaji mtu wa kumwigizia hatari. Wakampa jina Damien Mizdow. Na hapa ndipo utamwona fundi. Miz anapigana ulingoni, Mizdow yuko pembeni nje ya kamba peke yake, na kila anachofanyiwa Miz naye anajifanyia. Miz akipigwa ngumi, Mizdow anapepesuka. Miz akirushwa mgongo, Mizdow anajirusha kwenye sakafu. Miz akikabwa shingo, Mizdow anajikaba, macho yanamtoka, anatapatapa kutafuta kamba ya kushika ambayo haipo. Baada ya wiki chache watazamaji hawakuwa wanaangalia ulingo tena. Ukumbi mzima umegeuka unamwangalia aliye nje, na kelele zinapanda Miz akiwa hata hajafanya kitu. Wakachukua mikanda ya timu kwenye onyesho la Survivor Series Novemba 2014, na watu wakawa wanamwita Mizdow aingie kwa nguvu kuliko walivyowaita mabingwa wa dunia.

Fikirieni, hakuna ofisi iliyopanga hilo. Mtu alipewa kazi ya kudhalilishwa akaifanya mpaka ikawa kitu bora cha kipindi.

WrestleMania 31, Machi 2015, kwenye pambano la kumbukumbu ya Andre the Giant ambalo mnatupana nje ya kamba hadi abaki mmoja, Miz akamwamuru, Mizdow akagoma, akamtupa bosi wake nje. Uwanja ulilipuka. Wakabaki wawili, yeye na Big Show. Na wakamwandika Big Show ashinde. Big Show! Mtu aliyekuwa na kila kitu tayari, asiyehitaji lile kombe hata chembe. Mwezi uliofuata Mizdow akapoteza kwa Miz, kisha akapewa kumuigiza Randy Savage. Mei 2016 wakaachana naye.

Ukiniuliza matumizi mabaya ya mtu wa kati yanafananaje, nakupa miezi hiyo michache.

#6 Mchangiaji

Zack Ryder je? Mbona hamumtaji?

#7 Mchangiaji

Naomba nimjibu huyu wa hapo juu maana Ryder nilimfuatilia tangu anaanza ile programu yake YouTube Februari 2011. WWE walikuwa hawamtumii, akachukua kamera akajitengenezea mashabiki mwenyewe. Survivor Series ya mwaka ule, Madison Square Garden, The Rock karudi ulingoni baada ya miaka mingi, na katikati ya pambano lake watu wanaimba wanamtaka Ryder! Desemba wakampa mkanda wa Marekani. Januari wakamnyang'anya, akawa chambo kwenye ugomvi wa Kane na Cena, Februari Kane akamsukuma kutoka jukwaani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ikaishia hapo.

WrestleMania 32 akashinda pambano la ngazi akachukua Intercontinental, mzee wake akapanda ulingoni kumkumbatia. Kesho yake Raw, Miz akauchukua. Siku moja.

#8 Mleta mada

Mkuu wa #7 umemaliza. Niongeze la Ryder moja tu, kwa sababu linathibitisha hoja. Rafiki yake Curt Hawkins alipoteza mapambano 269 mfululizo, na safari hii WWE waliyahesabu kwa sauti. Ilikuwa hadithi. Kila kipigo kiliongeza namba, na namba ikawa inadai siku yake. Usiku uleule wa Kofi, WrestleMania 35, Hawkins na Ryder wakawashinda The Revival na kuchukua mikanda ya timu ya Raw. Watu walimshangilia mtu aliyepoteza mara 269. Kwa hiyo hata kupoteza mara zote hizo kunaweza kutumika vizuri. Mwaka mmoja baadaye, 15 Aprili 2020, wote wawili waliachwa siku moja katika lile punguzo la wakati wa korona.

#9 Mchangiaji (dada)

Kaka zangu, nawasoma tangu juu, mnalia na watu wa kati wa kiume tu. Wanawake hata hiyo katikati hatukuwa nayo. Mkanda wa Intercontinental wa wanaume upo tangu 1979, wa kwanza kuushika akiwa Pat Patterson. Wa wanawake umekuja Januari 2025 kwa Lyra Valkyria, na wa Marekani Desemba 2024 kwa Chelsea Green. Kabla ya hapo mwanamke wa WWE ama anagombea mkanda mkuu, ama timu ya wawili, ama hana la kufanya kabisa. Februari 2015 kipindi cha Raw kilikuwa kinachukua saa tatu nzima, pambano la wanawake wanne likachukua kama sekunde 30. Mashabiki ndio walioamka mtandaoni usiku ule wakadai wanawake wapewe nafasi. Mmoja wa wale wanne alikuwa Emma, mtu wa kuchekesha na mwenye ufundi, na hakuna aliyejua amtumie vipi. Mtu hawezi hata kutumiwa vibaya kama hajatumiwa kabisa.

#10 Mleta mada

Dada umesema kweli na nakushukuru. Na huyo Chelsea Green ni ushahidi wako. Ubingwa wake aliugeuza kuwa wa mtu anayejiona rais, na kila wiki alikuwa na sababu ya kuwepo kwenye kipindi. Mkanda wa kati ukimpa mtu sababu ya kuwepo, umetosha.

Umetaja saa tatu, na hapo kuna kiini cha mambo mengi. Raw iliongezwa kuwa ya saa tatu Julai 2012. Watu wa juu hawakutosha kuzijaza, kwa hiyo zilijazwa na hawa wa kati. Fulani anamshinda fulani Jumatatu, Jumatatu inayofuata aliyeshindwa analipiza, ya tatu wanakutana tena kwenye timu za wawili. Baada ya mwezi mmoja kila mmoja kashinda mara mbili na kapoteza mara mbili, na hakuna aliyepanda. Ofisini wanaona wamewatendea haki wote. Mimi naona wamewaua wote wawili kwa pamoja, kwa sababu mtazamaji amefundishwa kuwa matokeo hayana uzito.

#11 Mchangiaji

Ndiyo maana mimi nilishahamia AEW. Kule bosi wao Tony Khan anawaheshimu.

#12 Mleta mada

Mkuu, AEW naipenda, lakini nako kuna vilio. Wardlow. Mei 2022, kwenye onyesho la Double or Nothing, alimwinua adui yake MJF na kumbamiza chini mara kumi mfululizo, ukumbi unahesabu naye. Mtu alitengenezwa zaidi ya miaka miwili kwa ajili ya usiku ule. Julai akachukua mkanda wa TNT, mkanda wa kati wa AEW, Novemba akaupoteza kwa Samoa Joe. Machi 2023 akamnyang'anya Joe, siku tatu baadaye Powerhouse Hobbs akauchukua. Aprili Wardlow akaurudisha, Juni akaupoteza kwa Luchasaurus. Umeuona mkanda unavyozunguka? Hapo mkanda hauna thamani, na waliopokezana hawana pia. Hobbs naye alihitaji miezi kadhaa ya kuutetea, akapata wiki sita tu.

Lakini hao hao AEW walifanya jambo zuri sana na Orange Cassidy, yule anayejifanya mvivu na kupigana mikono ikiwa mfukoni. Oktoba 2022 mpaka Septemba 2023 alibaki na mkanda mmoja, akautetea karibu kila wiki, anazidi kuchoka, anafungwa bandeji zaidi, mikono haikai tena mfukoni kwa raha kama mwanzo. Alipoupoteza kwa Jon Moxley kwenye All Out, Chicago, lilikuwa ndilo pambano la kufunga onyesho. Mkanda wa kati umefunga onyesho kubwa! Na alipoteza. Akatoka mkubwa kuliko alivyoingia.

WWE nao walifikia hapo na Gunther. Aliuchukua Intercontinental kwa Ricochet Juni 2022 na kukaa nao siku 666. Rekodi ya Honky Tonk Man ya siku 454, iliyodumu tangu 1988, ikaanguka. Kilichofanya utawala ule uwe na thamani ni jinsi waliopoteza kwake walivyotunzwa. Sheamus alipoteza Cardiff, Septemba 2022, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi, mtu aliyekuwa amezomewa miaka mingi. Chad Gable alipoteza Septemba 2023, kamera ikamwonyesha binti yake mdogo mstari wa mbele analia, na Gable akawa mtu ambaye kila mmoja alitaka siku moja ashinde. Mwisho Sami Zayn alipomshinda WrestleMania 40, Philadelphia, ilikuwa ni habari. Na Gunther mwenyewe miezi minne baadaye akawa bingwa wa dunia. Mkanda mmoja wa kati, watu wanne wamefaidika. Kwa hiyo wakisema haiwezekani, wao wenyewe wamefanya.

#13 Mchangiaji

Kwani hela wanapata? Kama mtu analipwa vizuri, awe wa kati au wa juu shida iko wapi?

#14 Mleta mada

Mkuu, nafasi ndiyo hela. Wanamieleka wa WWE kisheria ni makandarasi huru, siyo waajiriwa, na hawana chama cha wafanyakazi. Wana kiwango cha chini kwenye mkataba, halafu kuna asilimia ya mauzo ya fulana na vitu vingine vyenye jina lao. Sasa mtu wa kati akipendwa ghafla kama Ryder au Mizdow, ndio wakati wa fulana kuuzika. Ukimpoza mwezi uleule, umemkatia kipato cha miaka ambayo mwili bado unakubali. Na mwili wa mieleka haukubali muda mrefu. Zile shingo na magoti ni za kweli hata kama matokeo yamepangwa. Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko mikanda.

#15 Mchangiaji

Swali la mwisho mkuu kabla sijalala. Cesaro alikosa nini? Yule jamaa alikuwa na kila kitu.

#16 Mleta mada

Hakukosa kitu mkuu. Aprili 2014, WrestleMania 30, alimbeba Big Show, mtu wa kilo mia mbili, akamtupa juu ya kamba. Kesho yake wakampa Paul Heyman awe msemaji wake. Tatizo, Brock Lesnar alikuwa ametoka kukatisha rekodi ya Undertaker ya kutopoteza WrestleMania usiku uleule, na Heyman alikuwa anamsemea Brock pia. Kila wiki Cesaro anasimama ulingoni, Heyman anashika kipaza sauti anaongelea Brock. Cesaro yuko pale pale anasikiliza sifa za mwingine. Msukumo wote wa lile tukio la Big Show ukaisha namna hiyo. Desemba mwaka huohuo Vince McMahon, bosi wa WWE wakati huo, akahojiwa na Steve Austin, akasema Cesaro hajaungana na watazamaji, akagusia pengine ni kwa kuwa ni Mswisi. Wakati kumbi zilikuwa zinahesabu kwa sauti kila anapomzungusha mtu kwa miguu! Waliokuwa hawamsikii walikuwa nyuma ya pazia.

Aliondoka Februari 2022 mkataba ulipoisha, zaidi ya miaka kumi ndani na mkanda mkuu hajaushika hata siku moja. 26 Juni akatokea AEW, Chicago, kwa jina lake la Claudio Castagnoli, na Julai, mwezi haujaisha, akawa bingwa wa dunia wa kampuni ya Ring of Honor.

Mashabiki wa kampuni ya TNA, lile kundi lao la X Division sijaligusa makusudi, nawaachia ninyi mliolifuatilia kwa karibu. Wekeni mifano.